Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache ndani ya nyumba. Ukimwuliza kama mchuzi umekolea chumvi, anaitikia kwa kichwa. Ukimwambia jirani kajifungua salama, anasema alhamdulillahi, kisha anaongeza sauti ya redio. Lakini umtie garini, loo! Mtu yule alikuwa anazungumza. Kutoka kwetu Nachingwea mjini mpaka shambani kwao Narung'ombe, upande wa Ruangwa, nilikuwa napewa habari za mikorosho, za marehemu baba yake, za ndoto aliyoota juzi, na siku nyingine aliniambia mambo ambayo wanaume wa huku hawawaambii wake zao hata washikiwe panga. Siku aliyoniambia kwamba hajutii kukosa mtoto maadamu amenipata mimi, tulikuwa tumesimama kupisha ng'ombe. Ningemwambia ayarudie maneno yale sebuleni, asingeweza.

Alinifundisha kuendesha kwenye njia ya Nambambo, na tangu nipate leseni akawa anapenda kukaa kiti cha kushoto, mimi nikishika usukani. Tatizo lake lilikuwa mkanda. Hakufunga mkanda hata siku moja. "Nifungwe kama mbuzi wa mnadani?" ndilo lilikuwa jibu lake. Akiona trafiki kwa mbali anauvuta mkanda kifuani na kuushikilia kwa mkono, tukishapita anauachia. Na gari letu, dogo, la rangi ya fedha, lilikuwa na masharti yake: abiria akikaa bila kufunga mkanda, taa nyekundu inapepesa kwenye dashibodi na kengele inalia, ti, ti, ti, mpaka mwisho wa safari. Nilikuwa nagomba mpaka nachoka. Yeye alikuwa anapandisha tu sauti juu ya ile kengele na kuendelea na hadithi yake.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliking'ang'ania chuma kile kwa tamaa.

Alifariki mwezi wa saba, katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Alikuwa amerudi kutoka shambani na mashine ya kupulizia kwenye buti, viganja na suruali njano tupu, akaniambia miti iliyobaki ataimalizia wiki inayofuata. Asubuhi ya siku ya tatu aliinama kufunga kamba za viatu, hakuinuka tena. Presha, walisema hospitali. Ndugu zake wakamchukua kwenda kumzika kwao Narung'ombe, na mimi nikabaki ndani na wanawake wenzangu, nikaingia eda.

Miezi minne na siku kumi. Hutoki nje ya uzio wako ila kwa dharura, hujipambi, hukai na mwanamume ambaye si maharimu wako. Wiki ya kwanza nyumba inajaa watu mpaka unakosa pa kuweka mguu. Ya pili mikeka inakunjwa mmoja mmoja. Ya tatu unaanza kusikia saa ya ukutani. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea wateja na kelele, nimezoea mtu kunipigia hodi mlangoni tangu asubuhi, na sasa nilikuwa napika kikombe kimoja cha mchele na kukila siku mbili. Upweke ule sikuwahi kuonywa habari zake. Walinifundisha nguo ya kuvaa na dua ya kusoma, hakuna aliyeniambia kwamba nitakuwa naongea na sufuria.

Wiki hiyo ya tatu ndipo alipokuja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alikaa barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Tulisalimiana, akanipa pole. Kisha akasema familia imekaa. Nyumba ni yangu, nimeijenga kwa cherehani yangu na hati ina jina langu, hilo halina ubishi. Shamba ni la ukoo wao na nitapewa haki yangu humo. Limebaki gari. Alitaka kulichukua aende nalo Narung'ombe.

"Gari ni langu na mume wangu," nikamwambia.

"Shemeji, sikunyang'anyi. Utakatiwa sehemu yako kwenye kitu kingine. Lakini gari linataka mwanaume. Ikiwaka taa moja tu pale mbele, utafanyaje?"

"Nitaizima."

Akacheka. Sijui kama alikusudia kunidharau, lakini kicheko kile kilinipanda kichwani. Nikamwambia kuanzia leo hakuna fundi atakayeligusa gari lile. Nitalihudumia mwenyewe humu uani. Siku nitakayotoka eda kutakuwa na hitima kwao, wazee wote watakuwepo. Nitaliendesha mwenyewe mpaka Narung'ombe, likiwa zima, bila kuvutwa, bila taa hata moja inayowaka. Nikifika hivyo, gari liingie kwenye fungu langu na mdomo ufungwe. Nisipofika hivyo, nawakabidhi ufunguo.

"Wewe?" akasema.

"Mimi."

Alipoondoka nilibaki nimekaa pale nyuma ya pazia. Mtume! Mdomo wangu huu. Nilikuwa najua kuendesha, lakini habari ya chini ya boneti nilikuwa nimeiona kwa pembeni tu, nikimshikia mume wangu spana na kumjazia maji. Mafundi wa mjini pale wote wanaume, na hata ningetaka kuvunja ahadi yangu, mjane wa eda hawezi kukaa na fundi uani mchana kutwa watu wakampa amani.

Betri ilikuwa ya kwanza kuniaibisha. Nilizungusha ufunguo, likasema tik, basi. Nikaifungua kwa spana namba kumi, jirani yangu akaipakia kwenye bodaboda akaipeleka kuchajiwa. Jirani huyu ni mama wa makamo kama mimi, mwenye ulimi unaozidi hata wa kwangu, na ndiye aliyekuwa miguu yangu kipindi chote kile. Yeye alinunua oili, yeye alinunua filta, na kila akirudi na kitu alikuwa anasimama mlangoni na kusema, "Haya fundi, mzigo wako huu. Wenzio wengine edani wanasoma Kurani."

"Na mimi nasoma," nilikuwa namjibu. "Nikimaliza nakaza nati."

Nilijifunza kwenye simu. Kuna vijana wa Dar wanajirekodi wakifungua magari, wanaanza na "oya wanangu" na muziki mwingi, mpaka ufikie jambo la maana umeshapunguza sauti mara tatu. Lakini wanafahamika. Mikono yangu ilikuwa na faida moja, kwamba cherehani nimeifungua na kuifunga nusu ya maisha yangu, na najua kitu cha chuma hakipendi nguvu, kinapenda utaratibu. Kila nati niliyoitoa niliipanga kwenye kitambaa kwa mpangilio wa kutoka.

Oili nilibadilisha mwenyewe, nimejifunga kanga kuukuu, nimelala chali juu ya gunia, oili chafu ikishuka kwenye beseni na nyingine kwenye kiwiko changu. Nikafunga filta mpya, nikamimina oili mpya, nikawasha. Taa nyekundu yenye picha ya birika ikawaka na kukaa. Nilizima gari kwa kasi, mkono ukaenda kifuani. Nikasema basi, nimeliua. Nikapima kwa kijiti, oili ipo mahali pake. Nikasoma, nikasoma tena, nikaambiwa kwamba filta mpya huwa tupu, lazima injini iijaze kwanza. Nikajikaza, nikawasha tena. Nikahesabu moja, mbili, tatu, taa ikazimika. Nilicheka peke yangu mle ndani ya gari mpaka kicheko kikageuka kilio, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwambia imezimika.

Jambo hilo ndilo lililonisumbua siku zote. Kazi yenyewe sikuiogopa tena. Ila kila nilipopatia kitu nilikuwa nageuka kushoto nimwambie.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye ekilina, lile chujio la hewa linalokaa ndani ya kasha juu ya injini. Nilipolitoa lilikuwa limejaa vumbi. Nikakumbuka mume wangu alikuwa analipeleka kwa wale wa pancha, wanalipuliza kwa upepo, linarudi jeupe. Mimi siwezi kwenda kwa wa pancha. Nikakaa nikawaza. Upepo, upepo. Nikageuka nikaona stoo. Mashine ya salfa ilikuwa imekaa mle vilevile alivyoiweka siku ile.

Mtu wa mikorosho anaijua mashine ile. Unaibeba mgongoni, ina injini yake ndogo, juu kuna tangi la unga wa salfa, pembeni bomba nene linalotoa upepo wa kufika kileleni mwa mkorosho. Nikasema, upepo ni upepo. Nililifungua tangi, nikalitikisa, nikaliona tupu. Nikavuta kamba mara nne, mashine ikanguruma, jirani akatokeza kichwa juu ya uzio kuuliza kama nimeanza kulima. Nikalipuliza chujio vumbi likaruka. Nikanogewa. Nikalielekeza bomba kwenye kasha lenyewe, pale tundu la hewa linapoingilia injini, nikapuliza na humo. Wingu la njano likaniruka usoni. Nikafurahi, nikasema tazama uchafu unavyotoka!

Harufu? Nitaisikia wapi. Nyumba yetu, nguo zetu, gari letu, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane vyote vinanuka salfa. Pua yangu ilishaacha kuihesabu.

Siku iliyofuata niliwasha gari, likakohoa. Likatetemeka, likakohoa tena, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye umbo la injini. Ikakaa. Nilizima, nikawasha, ipo. Nikalala, nikaamka, ipo. Nikafungua nati zote nilizowahi kuzigusa na kuzifunga upya, ipo. Siku zikapita, wiki zikapita, na taa ile ikinitazama tu kila nikizungusha ufunguo.

Zilipobaki wiki mbili shemeji akaja kupanga habari ya hitima. Akiwa barazani akasema, "Hebu liwashe nilisikie." Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nimejitanda, nikaliwasha. Lilikohoa kama mgonjwa wa kifua. Akasogea mpaka dirishani, akaiona taa. Hakucheka safari hii, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi nakuonea huruma tu. Usijitese."

"Siku bado," nikamwambia.

"Sawa. Siku bado."

Nilipomsimulia jirani alinipa ushauri wa haraka. "Bandika plasta nyeusi juu ya taa. Nani atajua? Nusu ya magari ya hapa yanatembea na plasta."

Nakiri nilikata kipande cha kitambaa cheusi na gundi nikakibandika. Kilikaa siku nzima. Jioni nikakibandua. Taa naweza kuiziba, kikohozi je?

Jumatatu yake nilifungua kasha la chujio kwa mara ya sijui ngapi, mikono ikiwa imetoka kwenye sabuni ya kufulia, safi. Nikaingiza kidole kwenye lile tundu la hewa, kikatoka cha njano. Nikakitazama. Udongo wa Nachingwea mwekundu, hii njano inatoka wapi? Nikakinusa. Mara hii pua ilisikia.

Salfa. Nilikwenda stoo mbio, nikaligeuza bomba la mashine kichwa chini, nikaligonga sakafuni. Unga ukamwagika, konzi nzima. Tangi lilikuwa tupu kweli, lakini bombani ilikuwa imebaki ile aliyokuwa hajaimaliza, ya miti iliyobaki. Mimi mwenyewe ndiye niliyechukua mashine ya mikorosho nikaipulizia salfa injini ya gari. Kazi yangu nzuri niliyojisifia.

"Mwanamume wewe!" nikasema pale stoo, kwa sauti, kama yupo. "Kuikung'uta mashine tu umeshindwa! Unaniachia mimi mauzauza yako!" Nikaendelea kumtukana mpaka nikaishiwa. Kisha nikaiona ile salfa sakafuni, nikatambua kwamba ni kitu cha mwisho alichokimimina kwa mkono wake. Nikapiga magoti nikaizoa yote kwa kiganja, nikaitia kwenye kopo la kahawa lenye mfuniko. Niliona aibu hata kwa nafsi yangu, lakini nilifanya hivyo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Jirani alinunua ekilina mpya. Kwenye bomba la hewa kuna kidude kidogo, sensa, kinachopima hewa inayoingia, kimeshikwa na skrubu mbili. Nilikitoa nikakiosha kwa spiriti na brashi laini ninayosafishia cherehani, nikakiacha kikauke kwenye kitambaa. Bomba nikalifuta mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikachomoa waya wa betri ili gari lisahau kosa la zamani, nikafua nguo zote za wiki, nikaurudisha. Nikawasha. Taa zote za dashibodi ziliwaka kama ilivyo kawaida, kisha zikazimika, na ya injini nayo ikazimika. Gari likanguruma bila kikohozi. Nikageuka kushoto tena. Mwili una ukaidi wake.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini siku tatu kabla ya safari nikasema siwezi kuwapelekea wakwe gari chafu. Kiti cha kushoto kilikuwa na alama za njano za viganja vyake, pale alipokuwa anajishikilia akishuka. Nikatia sabuni ya unga, nikasugua, nikamwaga ndoo mbili. Alama zikatoka. Harufu yake nayo ikatoka, ile ya salfa na jasho na mafuta ya nazi, na nilipoingiza kichwa kunusa nikakuta sabuni tu. Nilijilaumu vibaya sana. Hakuna aliyenituma.

Kesho yake nikawasha gari, nikalisogeza uani mbele na nyuma. Ti, ti, ti.

Taa nyekundu ya mkanda wa abiria ilikuwa inapepesa. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, hata mkoba wangu sikuuweka. Nilikaa nimeshika usukani, nakitazama kiti kile. Kisha akili ikarudi. Maji yameingia kwenye kile kifaa cha chini ya kiti kinachojua kama mtu amekaa. Nilianika kiti juani siku nzima, milango wazi. Ikalia. Nikaanika siku ya pili. Ikalia. Vijana wa kwenye simu walisema chini ya kiti kuna soketi ya njano, ichomoe tu, au ufunge mkanda kwenye kiti kitupu. Nikainama, nikaipapasa soketi, nikaishika kwa vidole viwili. Nikaiachia.

Siwezi kueleza vizuri kwa nini. Ahadi yangu ilisema bila taa hata moja. Nilijua naweza kulipoteza gari lote kwa soketi moja. Lakini ilikuwa miezi minne tangu kitu chochote humu duniani kidai kwamba mume wangu amekaa mahali.

Nilitoka eda asubuhi. Jirani alikuja kunisimamia nikaoga, nikavaa nguo mpya niliyojishonea, akaniombea dua, akasema, "Nenda fundi. Ukikwama usinipigie, mimi sijui kitu." Kisha akanikumbatia akalia yeye kabla yangu. Nikatoka getini naendesha, mara ya kwanza naiona barabara tangu mwezi wa saba. Mikorosho ilikuwa imeshazaa, watu wameinama wanaokota.

Kengele ilianza palepale nilipokanyaga mafuta. Nikaiacha ilie. Kama kawaida yangu nikagomba, "Funga mkanda, baba. Utatuponza." Ikalia. Basi nikapandisha sauti juu yake nikaanza kusimulia. Nilimsimulia hitima ya arobaini na nani alikula sahani mbili. Nilimsimulia betri, oili, kicheko cha mdogo wake, plasta, na jinsi nilivyomtukana stoo. Nilimwomba radhi kwa kiti. Nilimwambia kwamba ule usiku wake wa mwisho nilikuwa nimenuna kwa sababu ya redio, na kwamba hilo linanikaba. Niliendesha hivyo mpaka Ruangwa mjini, nikaipita, nikashika njia ya Narung'ombe, na sikuwa mpweke hata kidogo.

Karibu na kijiji nikasimama. Wazee walikuwa mbele na ahadi ni ahadi. Nikaunyoosha mkono, nikauvuta ule mkanda juu ya kiti kitupu, nikauchomeka. Tak. Taa ikazimika. Kengele ikanyamaza.

Kimya kile kilinijia chote kwa pamoja. Yale ya mazishi sikuyaona, kaburi sikuliona, watu waliniambia tu amekufa na mimi nikaitikia. Mle garini, mkanda ukiwa umemfunga mtu ambaye hayupo, ndimo nilimojua kweli kwamba mume wangu amekufa. Nilijifuta uso kwa mtandio na kuendelea.

Nilipoingia uani kwao wazee walikuwa mkekani, wanazungumza Kimwera, wakageuka wote. Shangazi yao aliyekuja kutoka Chunyu akapiga kigelegele, akakikatisha alipokumbuka ni hitima. Shemeji alikuja. Akazunguka gari, akapiga teke tairi, akasikiliza injini. Akachungulia dashibodi. Hakuna taa. Akasema, "Twende mpaka makaburini, nilione likitembea," akafungua mlango wa kushoto akae.

Akakuta mkanda umefungwa.

Alisimama hapo ameshika mlango. Nikaona siwezi kumdanganya, nikamwambia, "Shemeji, nilikiharibu kiti kwa maji. Gari linadhani kuna mtu amekaa. Nisipofunga, taa inawaka na kengele inalia. Kwa ahadi yetu, ufunguo ni wako." Nikauchomoa ufunguo, nikamnyooshea.

Hakuupokea. Alikuwa anakitazama kiti. "Kaka hakufunga mkanda hata siku moja," akasema.

"Hata siku moja."

Mdomo ulimcheza. Akaurudisha mlango polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango mwingine, akakaa kiti cha nyuma. "Haya, twende," akasema. Tukaenda makaburini hivyo, mimi na usukani, yeye nyuma. Nilisimama pembeni nikasoma dua, naye akasimama mbali kidogo akanipa mgongo ili nilie nitakavyo. Tuliporudi aliwaambia wazee gari ni zima na halina taa yoyote, liandikwe langu. Nilifungua mdomo kusahihisha, akanikata jicho, nikanyamaza.

Jioni waliniaga. Nilipofika pale pale nilipokuwa nimesimama asubuhi, nikasimama tena, nikaufungua mkanda wa kushoto. Soketi chini ya kiti najua ilipo, na mpaka leo sijaichomoa. Ti, ti, ti, ikaanza. Nikamwambia mume wangu kwamba gari wametuachia, tukarudi nyumbani.